Plastiki Si Laminesheni

“Na usinigeuzie maneno, sista! Mimi nilisema plastiki. Pitia mahali upate plastiki, weka kitabu ndani, uniletee. Laminesheni nani aliitaja?”

“Wee Sunday, punguza sauti, suk yote, soko zima, inatuangalia. Laminesheni ni nini kama si plastiki? Jinsiya yako, kitambulisho chako cha uraia, iko ndani ya nini? Cheti cha ubatizo cha mama kiko ndani ya nini? Niambie!”

“Nilimaanisha ile nailoni laini! Unaingiza kitabu, unatoa kitabu. Si ile ya kupikwa kwa moto!”

“Basi ungesema nailoni.”

Sunday Lukudu hakuwa amemaliza hasira, hapana. Ila dada yake alikuwa na pointi, na hakuna kitu kinachoudhi kama mtu unayemfokea kuwa na pointi.

Walikuwa wamesimama sokoni Malakia, hapa Juba, pale Sunday anapotandika turubai lake la vitabu kuukuu kila asubuhi. Dada yake, Teresina, alikuwa ametoka nyumbani kwao Jebel na sufuria ya chakula mkono mmoja, mkono wa pili mtupu. Kitabu alichoagizwa alikuwa amekiacha mtaa wa Hai Jalaba, kwa Edrine, yule Mganda wa fotokopi, akipitishe kwa mashine. Na alikuja akitabasamu, maskini, akidhani atashukuriwa.

Na usimcheke Teresina. Mtu wa Juba ukimwambia karatasi ni ya maana, ataipiga laminesheni. Jinsiya, kadi ya kliniki, picha ya harusi, mpaka risiti ya kiwanja, zote zinang'aa kama samaki. Watu hapa wamekimbia vita na karatasi kifuani, wakavuka maji nazo, wakafika ng'ambo zimekuwa uji. Ukaambiwa wewe si mtu, huna karatasi. Aliyepitia hayo akiona kitu cha thamani, haulizi mara mbili.

Lakini kitabu hiki sasa! Kilikuwa kitabu cha picha, *Taniboi Chuma*, toleo la kwanza, kilichapwa Nairobi wakati mama yao akina Sunday bado anacheza kamba. Chuma ni taniboi, yule kijana wa kupanga mizigo na kuweka mawe nyuma ya tairi, na lori lao bovu linatoka Mombasa kuja Juba. Anapigana na majambazi, na wezi wa pembe za ndovu, na matope. Zaidi matope. Rangi ni mbili tu, nyekundu na nyeusi, na karatasi yenyewe ni ya ovyo. Zamani mtu alisoma, akampa jirani, jirani akawashia jiko, kalas, imeisha. Ndiyo maana leo havipo. Na kitu kikishakuwa hakipo, kila mtu anakitaka.

Sunday alianza kuvijua vitabu hivi akiwa mdogo, Kitale, huko Kenya walikokimbilia. Shule hakuipenda na shule haikumpenda. Aliiacha darasa la sita baada ya kumrudishia mwalimu kofi lake. Kusoma alijifunzia kwa kinyozi, kwa sababu pale kwenye benchi kulikuwa na rundo la vitabu vya picha na hakuna aliyemuuliza karo. Waliporudi Juba, watu walimcheka. Kiarabu chake kilikuwa cha kuombea maji tu. “We Mkenya, rudi kwenu!” Akapigana mara kadhaa, akachoka, akaanza kuuza vitabu vya shule vilivyotumika. Mtoto akipanda darasa, mama yake anamletea Sunday vya mwaka jana.

Halafu siku moja akaja mwanaume wa Kampala, akachakura rundo, akatoa kitabu cha picha kilichotafunwa na panya, akauliza bei. Sunday akataja bei ya kijinga kabisa, ya kufukuzia mtu. Yule akatoa pesa. Hakubishana! Mtu wa Kampala, sokoni, habishani bei? Sunday alijua hapo hapo kwamba ameibiwa.

Tangu siku hiyo akawa mgonjwa wa vitabu vya picha vya zamani. Akaingia kwenye kundi la simu linaloitwa Karatasi za Zamani, watu wa Kampala, Nairobi na Dar. Asubuhi kabla ya chai anaangalia kwanza: nani ameuza nini, kwa ngapi, kwa hali gani. Mzee fulani akifa Nakuru na watoto wake wakatoa sanduku lake sokoni, bei ya wiki hiyo inaanguka. Jina la kitabu likitajwa redioni, inapanda. Pini zenye kutu, sawa, hiyo ni kutu ya uzee wa haki. Kona iliyokunjika, inapungua kidogo. Kama mtu alikata kuponi ya mashindano nyuma, nusu imeenda. Gundi, pole. Selotepu, pole sana. Kuna jamaa wa Kisumu aliwahi kuonyesha kitabu chake kilichopigwa laminesheni, kinang'aa, anajivuna. Kundi zima likamtumia rambirambi. Mmoja akauliza mazishi ni lini.

*Taniboi Chuma* toleo la kwanza, lenye jalada, kundini hakuna aliyekuwa nalo. Sunday alilipata kwa Fortunato, fundi wa matairi wa Jebel, ambaye ujanani alikuwa taniboi mwenyewe na alikilalia kitabu hicho chini ya godoro miaka yote. Walibadilishana: Sunday alimtolea bintiye vitabu vyote vya sekondari, Fortunato akatoa Chuma. “Kitunze,” akasema. “Huyu ndiye mimi, ila mimi sikuwa na misuli.”

Na siku hii ya plastiki ndiyo siku ambayo Mirembe alikuwa anakuja kukiona. Mirembe ni mama wa Kampala anayeleta nywele za kusuka Juba, na kwenye kundi anaheshimika kuliko wanaume wote. Walikuwa wameshakubaliana bei. Kesho alfajiri anapanda basi kurudi kwao. Na hiyo pesa Sunday alikuwa ameshaipangia: nyuma ya turubai lake kulikuwa na kontena tupu, lina mlango, lina paa. Paa! Mvua iliyopita ilimharibia nusu ya vitabu mbele ya macho yake huku anakimbia na turubai kama mwendawazimu. Mwenye kontena alisema anangoja mpaka leo, baada ya leo anampa muuza simu.

“Piga simu kwa Edrine,” Teresina akasema, sasa kwa sauti ndogo.

“Nimepiga. Imezima.”

“Malesh, Sunday. Nisamehe.”

“Keti hapa. Angalia vitabu. Usimuuzie mtu kitu chochote, na usikipeleke kitu chochote popote!”

Akarukia boda ya kwanza. Dereva akataka kwanza waelewane bei. “Nitakulipa vyovyote, ondoa!” Dereva akamtazama, akaona macho, akaondoa. Njia nzima Sunday alikuwa anaongea peke yake. Plastiki. Kwa nini alisema plastiki? Kitale ukisema plastiki unapewa mfuko. Lakini amekaa Juba muda wote huu, anajua hapa watu wakisema *weka kwa plastiki* wanamaanisha nini! Mwenyewe jinsiya yake aliipeleka kwa maneno hayo hayo. Mdomo ni wake, kosa ni la mdomo wake, na bado amemfokea dada yake mbele ya wauza nyanya.

Kwa Edrine ni kibanda cha mabati, jenereta nje, mashine ndani, benchi la wateja mlangoni. Jenereta ilikuwa inanguruma. Harufu ya plastiki ya moto ilimpiga Sunday kabla hajashuka. Akaangalia kwenye meza: pale mbele ya mashine, bado ina joto, karatasi inang'aa. Nyekundu.

Akaruka chini boda haijasimama.

Akaiokota. Kumbe ni picha ya harusi. Pazia jekundu, bwana harusi amekodoa macho kama aliyekamatwa na polisi. Sunday hajawahi kumpenda bwana harusi wa mtu namna ile.

“Wewe! Wacha picha ya mutu!” Sauti ilitoka nyuma ya kibanda.

Akazunguka. Pale kivulini, Edrine alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, *Taniboi Chuma* imefunguliwa magotini, na wateja wake wote wamemzunguka. Mama mmoja mrefu, Adhieu, aliyekuwa amekuja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, alikuwa ameinama mpaka kidevu chake kinagusa bega la Edrine.

“Edrine! Kitabu changu!”

“Ngoja, ssebo, ngoja kidogo, bwana! Taniboi iko ndani ya maji, na lori iko juu yake!”

“Umekipitisha kwa mashine?”

“Nilikuwa nataka kupitisha. Nilitoa mguu ya pini moja, nikate karatasi moja moja, niweke. Sasa nikaona picha. Nikasema, wacha niangalie kidogo tu. Hii mama akasema niangalie kwa sauti.” Akamnyooshea Adhieu kidole. “Yeye ndiye amenikataza kazi.”

“Ndiyo nimemkataza,” Adhieu akasema bila kuinua kichwa. “Geuza.”

Sunday alikuwa amebeba matusi ya kutosha kuanzia Malakia, yote yamepangwa vizuri. Badala yake alikaa chini kwenye vumbi, akaegemea bati, akaanza kucheka, na alipojishika uso akakuta umelowa. “Edrine,” akasema, “mikono yako ni safi?”

“Nilinawa. Kazi ya jinsiya za watu hii, mimi siwezi kushika na mafuta.”

Mungu ambariki. Sunday akamwonyesha namna ya kushika, kwa kingo, bila kubana. Akaangalia ile pini: mguu mmoja umenyooshwa, karatasi haijachanika. Pini ya pili iko na kutu yake ya haki. Lakini pini ni pini. Kwenye kundi ameona watu wakikataa kitabu kwa pini.

Akampigia Mirembe, akamwambia aje Hai Jalaba, si Malakia. Akampigia na Teresina: “Sista, kiko salama. Mimi ndiye nilisema vibaya. Umesikia? Mimi.”

“Rudia, kuna kelele.”

“Umesikia!”

“Nimesikia,” Teresina akasema. “Nilitaka tu na hawa wauza nyanya wasikie.”

Mirembe alifika na mkoba mkubwa, jasho shingoni, akasalimia watu wote kabla ya kukigusa kitabu. Hakuongea. Alikinusa. Alihesabu kurasa kwa ncha ya kidole, akageuza nyuma kuona kama kuponi ipo. Ipo. Halafu akafika katikati, akasimama.

“Nani alinyoosha hii pini?”

Kila mtu akamwangalia Edrine. Edrine akaangalia jenereta.

Sunday angeweza kusema ilikuja hivyo. Maneno yalikuwa mdomoni. Akasema, “Leo asubuhi, mama. Kilikuwa kinaenda kupigwa laminesheni. Ni mimi nilisema plastiki.”

Mirembe akamtazama. Akatazama mashine. Akatazama picha ya harusi mezani. Kisha akacheka kicheko cha kutoka Kampala, kile cha kupiga paja. “Laminesheni! Ayi, mwanangu! Mimi mume wangu alipiga gundi vitabu vyangu nane, na bado niko naye. Sasa nitakukataa wewe kwa mguu wa pini?” Akakunja ule mguu taratibu kwa ukucha, ukarudi mahali pake. “Bei ni ile ile.”

Wakapeana mikono. Sunday akampigia mwenye kontena hapo hapo, akamwambia muuza simu atafute kwingine. Pumzi iliyotoka mle kifuani ilikuwa ya mvua zote zilizomkuta nje.

Mirembe alitaka kukiingiza kitabu mkobani, ndani ya nailoni laini, ile ile. Adhieu akamshika mkono.

“Mama, unaenda wapi? Taniboi bado yuko chini ya lori.”

Basi wakaketi tena. Mirembe mwenyewe ndiye aliyesoma, amekishika kwa kingo, bila kubana, anafanya sauti za majambazi, na Edrine akazima jenereta ili wasikie. Chuma akatoka majini. Akapanda lori. Akafungua sanduku la siri lililokuwa chini ya mizigo, macho yakamtoka, na hapo chini kabisa, kwa herufi nyekundu: *Itaendelea toleo la pili.*

“Ndani ya sanduku kuna nini?” Adhieu akauliza.

“Hatujui,” Sunday akasema.

“Namna gani hamjui? Toleo la pili liko wapi?”

“Hakuna aliyeliona. Kundi zima.”

Adhieu alikasirika kweli kweli. Alisimama, akachukua cheti cha mtoto wake, akasema watu wa vitabu wote ni wezi. Na Mirembe akiwa anapanda boda alimwambia Sunday, “Ukilipata la pili, usiniuzie. Nipigie tu nije nisome.”

Sasa Sunday ana kontena. Lina paa, lina rafu, na mlangoni ameandika kwa rangi: PLASTIKI SI LAMINESHENI. Watu wanadhani ni kanisa.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, usikae tu unacheka. Inuka. Kwenu kuna sanduku la babu ambalo hakuna anayelifungua, au godoro la mjomba aliyekuwa wa malori. Fungua, angalia. Ukikuta *Taniboi Chuma* toleo la pili, usitie gundi, usikipeleke kwa Edrine, kilete Malakia leo. Tunataka kujua sanduku lina nini. Nenda!