Kadi ya Harusi ya Vero

Jumamosi ile, kule Uvira, Kongo, nilikuwa nachambua dagaa mlangoni huku nikiona wivu. Mume wangu Matayo alikuwa anamalizia kadi ya harusi ya jirani yetu Vero. Mtaani kwetu bibi harusi aliandikiwa beti zake kwa mkono, na mkono wa Matayo ulisifika mji mzima. Mimi, niliyeolewa naye haraka haraka bila kadi, sikuwa na hata mstari.

"Yako itakuja," alisema bila kuinua macho.

Nilinuna. Vero akaja, akaisoma, akatokwa na machozi ya furaha, akaondoka nayo ameikumbatia kifuani.

Mchana risasi zikaanza upande wa bandarini. Tukajifungia ndani.

Mlango ukagongwa.

Askari alikuwa anakitazama kibao chetu cha biashara, herufi zake nyekundu na nyeusi.

"Hii ni nani aliandika?"

Nilitaka kusema fundi amekimbia. Matayo akaniwahi.

"Ni miye."

Yeye na wenzake walikuwa wanatafuta mtu wa kuwaandikia vibao. Matayo akachukua brashi yake, wakaondoka naye.

Hakurudi.

Juzi binti yangu Riziki alinipeleka makumbusho hapa Stockholm, Uswidi, tulikokimbilia vita. Nyuma ya kioo palikuwa na shairi la bwana mmoja wa ikulu ya Japani, la kale sana. Riziki akanisomea maelezo: vita vilipoingia mjini, askari waliwekwa kuilinda nyumba yake, kwa ajili ya mashairi na mwandiko wake.

"Walimlinda?"

"Ja, mamma. Ndiyo."

Nilimwonea wivu yule marehemu wa Japani. Yeye mwandiko ulimkinga. Mume wangu, wake ulimtoa ndani. Na karatasi yake bado ipo, ina taa yake na mlinzi wake!

Tukapanda treni, kituo chetu cha Alby tukakipita, mpaka Norsborg kwa Vero. Ile kadi alikimbia nayo, sasa imetundikwa sebuleni kwake ndani ya fremu ya kioo. Kila nikienda hukaa kiti kinachoielekea, naye hudhani nafuata chai. Siku hiyo alinikuta nimesimama, pua imegusa kioo.

Akaishusha.

"Kamata, dada. Peleka kwako."

Niliisoma polepole, nikiufuata mkono wa mume wangu herufi kwa herufi. Ubeti wa kwanza unaanza na jina la Vero. Wa mwisho pia.

Nikairudisha mwenyewe kwenye msumari wake.