Mpiga Mbiu wa Bendi ya Radi

Katika mtaa wa Sihpui, kule Aizawl, mji wa milimani, nyumba zimesimama juu ya nguzo mteremkoni, moja juu ya paa la nyingine, na sauti inayozifikia zote ni ya Biakdinga, au Dinga tu. Alfajiri na jioni hupanda hadi kwenye kibanda cha umoja wa vijana wa mtaa, hugonga kipaza sauti kwa ukucha, hukohoa kidogo, kisha spika zilizofungwa mlingotini humwaga habari bondeni. Maji ya bomba yatafika kesho upande wa chini. Nguruwe wa fulani amekata kamba. Kila nyumba itoe mtu wa kuzibua mitaro.

Ukucha ukigonga nje ya saa hizo, mtaa hujua ni kifo. Hapo hushusha sauti, hutaja jina, kisha ukoo, kisha nyumba. Kabla hajamaliza, vijana huwa wameshashika sururu kwenda kuchimba kaburi, na jioni mtaa mzima huketi na wafiwa kuimba.

Lakini ukimuuliza Dinga yeye ni nani, hakwambii kuwa ni mpiga mbiu. Atakwambia ni mwimbaji wa roki. Umri umevuka arobaini, nywele zimefika mabegani, na bendi yao ya Radi alianza nayo tangu ujana: Malsawma dereva wa teksi kwenye gitaa, Ngurtei muuza nyama ya nguruwe sokoni kwenye ngoma, na kaka yake Ngurtei, bwana asiyesema kitu, kwenye besi. Miaka yote hiyo walipiga nyimbo za watu. Sasa walikuwa na nyimbo zao wenyewe, kwa lugha yao wenyewe, maneno yote ya Dinga, na Jumamosi wangezipiga kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa mtaa.

Tatizo lilijitokeza kwenye mazoezi, uani kwa Ngurtei. Dinga alipofungua tu mdomo, majirani walichungulia madirishani.

"Dinga! Yule nguruwe kapatikana?"

"Maji yanakuja lini, au mpaka gitaa liishe?"

Wakacheka mpaka wakashikana. Malsawma akazima gitaa.

"Kaka, nakupenda," alisema, "lakini ukiimba watu wanasikia bomba la maji. Kuna dada mmoja kule Chaltlang ana koo kama la chui."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Jumamosi ni yako. Wakicheka, au wakisinzia, kipaza anashika yeye. Wewe utabaki kutuandikia maneno."

Dinga alimtazama Ngurtei amtetee. Ngurtei alikuwa anakaza ngozi ya ngoma ambayo haikuwa imelegea.

"Sawa," akasema Dinga.

Tangu siku hiyo alijitafutia sauti nyingine. Alishuka kila siku hadi kijitoni akanguruma, akakwaruza koo, akapiga mayowe mpaka akatema tangawizi yote aliyokunywa. Pi Thangi, bibi wa nyumba ya jirani, alimsimamisha kwenye ngazi.

"Wewe mtoto, unaumwa?"

"Naimba, Pi Thangi."

"Basi pole zaidi."

Jumamosi mvua ilipiga bati la ukumbi tangu asubuhi, na mtaa ulijaa kwenye mabenchi, miavuli ikivuja miguuni, mashavu yamevimba kwa tambuu. Mlangoni, mikono kifuani, alisimama dada wa Chaltlang. Malsawma ndiye aliyemwalika.

Wimbo wa kwanza Dinga aliuimba kwa ile sauti ya kijitoni. Hakuna aliyecheka. Walimtazama kwa adabu, kama watu wanaomsikiliza mgeni akihubiri kwa lugha wasiyoijua. Mzee Pu Rokima, kwenye benchi la mbele, alimenya chungwa. Wimbo wa pili, mngurumo ulimponyoka katikati akabaki anapumua kwenye kipaza kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Malsawma alitupa jicho mlangoni. Yule dada alikuwa ameanza kukunja mikono ya shati.

Koo lilikuwa linamuuma. Dinga alitaka kulisafisha tu kabla ya wimbo wa tatu. Mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya: ukagonga kipaza kwa ukucha. Akakohoa kidogo.

Ukumbi ukafa ganzi.

Adabu ya mwanzo ilitoweka pale pale. Kijana wa nyuma alivua kofia. Chungwa lilimtoka Pu Rokima likabingirika hadi chini ya jukwaa. Pi Thangi alikuwa ameweka kiganja kifuani.

"Nani?" sauti ya mwanamke ikauliza, ndogo sana. "Dinga, ni nani?"

Dinga akawatazama, uso kwa uso, na akaelewa kitu ambacho kwenye kile kibanda, peke yake na waya zake, hakupata kukiona. Hakuna mle ndani ambaye hakupokea habari za maiti wake kupitia koo hili. Hata kifo cha mama yake mwenyewe alikitangaza yeye, jina, ukoo, nyumba, bila kutetemeka. Basi walipomtania habari za nguruwe walikuwa wanalisukuma mbali lile tangazo jingine, la kifo, lirudi kibandani likae huko.

Karibu acheke. Akakisogeza kipaza mdomoni.

"Ndugu wakazi wa Sihpui," alisema, kwa sauti yake ile ile, safi, iliyonyooka. "Leo, mtaani kwetu..."

Watu walingoja jina.

"Leo hakuna aliyekufa!"

Watu wakatazamana.

"Narudia tangazo! Hakuna! Pu Rokima anapumua, namwona. Pi Thangi anapumua, tena kanikasirikia. Nyote mko hai!"

"Mpumbavu wewe!" Pi Thangi akasimama, machozi na kicheko usoni. "Nusura unitangaze mimi!"

Ukumbi ulilipuka. Na Ngurtei, ambaye hakungoja ishara ya mtu, aliziangukia ngoma kwa nguvu ya mtu anayekata mifupa kila siku. Besi likaingia chini yake, gitaa likapasua juu, na Dinga akaimba. Hakunguruma. Sauti iliyozoea kuvuka bonde na mvua ilipita katikati ya gitaa bila kujikaza, kila neno likafika benchi la nyuma. Vijana walipanda juu ya mabenchi. Nguzo za ukumbi zilitetemeka, sakafu ikarukaruka, na kila alipovuta pumzi watu wazima wenye wajukuu walijaza pengo kwa kelele: "Hakuna! Hakuna!"

Dada wa Chaltlang alikuwa ameshafika mbele, nywele zimefumuka, anaruka.

"Kishike hicho kipaza!" Malsawma alimfokea Dinga sikioni, jasho likimdondoka. "Akikigusa mtu namvunja mkono!"

Wimbo ulipokatika, kelele hazikukatika.

"Tupige upi sasa?" Ngurtei aliuliza, akitafuta kijiti kilichomruka.

"Ule ule," Dinga akasema. "Ubeti wa pili walipiga kelele, hawajausikia."