Diski Niliyoitoboa

Kompyuta ya marehemu binti yangu ilikuwa nzito kuwaka. Ukiibonyeza asubuhi, utachekecha unga wa muhogo, utasonga ugali, utaosha na sufuria, ndipo ikuonyeshe uso. Binti alikuwa mwalimu kule Tingi. Alipozidiwa na maradhi akarudi kwangu hapa Ngumbo, na kompyuta ndani ya begi lake la vitabu.

Mchana alikaa nayo barazani, dawa pembeni, akiisemesha. Nikamuuliza, "Unaongea na nani wewe?"

Akasema, "Na mwanangu, mama. Siku akiweza atanisikiliza humu."

Mwanawe wa pekee, mjukuu wangu wa kike, alikuwa shule ya bweni. Mimi sikusimama kusikiliza. Maneno ya mama kwa mtoto wake si ya kutegewa sikio. Nikaenda zangu kugeuza usipa, dagaa wetu wa ziwani, vichanjani.

Tukamzika. Mjukuu akarudi shule, akamaliza, akaenda chuo cha ualimu, na yale maneno hakuyafungua hata mara moja. Kila likizo nilimuuliza, na kila likizo alinijibu, "Bibi, bado sina kifua." Sikumsukuma. Kuna watu wanaolia siku ya msiba na kuna watu wanaoahirisha. Yeye aliahirisha.

Mwaka huu akanipigia simu mwenyewe. "Shikamoo bibi. Likizo hii nataka nimsikilize mama. Lakini ile kompyuta naogopa itazima kabla sijafika. Ukipeleka usipa Mbinga, ipitishe kwa fundi aitoe diski ya zamani, aweke mpya, SSD. Nimeshaongea naye."

"Hiyo esiesidii inaliwa?"

Akacheka. "Inawaka haraka, bibi. Hata wewe utaipenda."

Basi nikaifunga kwenye kanga, nikapanda nayo milima, mimi na gunia langu la usipa. Fundi ni baba wa makamo, mwenye kitambi. Alipoiona akaiinamia. "Shikamoo kompyuta! Bibi, huyu ni mkubwa wangu kwa umri."

"Acha utani, fanya kazi," nikamwambia.

Akatoa bisibisi ndogo kama sindano ya kushonea magunia, akafungua mgongo wa kompyuta. Akachomoa kidude cha chuma cha ukubwa wa kiganja. "Hii ndiyo diski ya zamani. Ndani ina sahani inayozunguka, na hiyo sahani imechoka." Kisha akanipa ile mpya niishike. Nyepesi kama biskuti. "Hii haina kinachozunguka."

Nikamuuliza lile lililonipeleka. "Na maneno ya mwanangu?"

"Yapo yote, bibi. Hakuna kilichopotea."

Sikuuliza yapo wapi. Nilimwona ametoa kimoja ameweka kingine, nikajua ameyahamisha, kama mtu anayemimina maji toka mtungi huu kwenda ule. Ile ya zamani akaizungushia gazeti. "Hii mpe mjukuu wako. Usije ukaitupa."

"Vitu vya marehemu mimi situpi," nikamjibu, nikaondoka kuwahi gari.

Sasa niseme desturi yetu, maana wengine hawaijui. Mtu akifa, sahani yake na kikombe chake tunaviweka kaburini, ila tunavitoboa kwanza. Chombo kizima mwizi atakichukua. Tena wazee walituambia chombo nacho lazima kife ndipo kimfuate mwenyewe. Padri haipendi desturi hii, lakini naye ana macho, anapita makaburini na kunyamaza. Sahani ya binti yangu niliitoboa mimi, na kikombe chake pia.

Nikafika nyumbani, nikaiwasha kompyuta. Kabla sijakaa vizuri imeshawaka. Nikafurahi kama mjinga. Ile ya zamani nikaitazama mezani. Kitu kilichochoka, alichokishika binti yangu na nguvu zake za mwisho. Kwenye jalala hapana. Kwenye kabati kikae kikinitazama, hapana. Asubuhi nikachukua msumari na jiwe, nikaenda nayo makaburini. Chuma kile kigumu. Pigo la tatu ndipo msumari ukazama, na ndani nikasikia kitu kikipasuka kama kioo. Nikailaza kando ya sahani, nikasali Baba Yetu. Nikarudi moyo umetulia, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba ulitulia.

Siku ya pili mjukuu akapiga simu. "Bibi, fundi alikupa diski ya zamani?"

"Alinipa."

"Ipo?"

"Ipo kwa mama yako."

"Asante bibi. Usiiguse tena." Akadhani nimeiweka kwenye sanduku la nguo za mama yake. Na mimi lile neno la kutogusa nililisikia vizuri, ila sikumuuliza kwa nini. Nimezoea kuulizwa, sijazoea kuuliza. Nikakata simu.

Likizo akaja. Kabla ya kula akaiwasha kompyuta, akapiga makofi ya furaha, "Bibi, umeona spidi hiyo!" Kisha akasema anakwenda sandukuni.

"Sandukuni kuna nini?"

"Diski ya zamani. Sauti ya mama bado imo mule. Ilikuwa inasomeka kwa shida, fundi hakuweza kuihamisha ukiwa na haraka ya gari. Tulikubaliana nimpelekee mwenyewe, akae nayo siku mbili tatu."

"Nilikwambia ipo kwa mama yako."

"Ndiyo, sandukuni."

"Kaburini," nikasema.

Alikimbia. Mimi nikamfuata kwa mwendo wangu. Nilimkuta amechuchumaa, anaitikisa karibu na sikio, na ndani yake inachakacha kama mchanga. Kidole chake kipo kwenye tundu.

"Nani ametoboa?"

"Mimi."

Hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza.

Kesho yake tukapanda Mbinga wote wawili, kwa sababu alitaka kuambiwa na mtu mwingine. Fundi akaitikisa mara moja tu, akaiweka chini taratibu. Safari hii hakuwa na utani. "Mwanangu, sahani imevunjika vipande. Hata ukiipeleka Dar, hakuna wa kuisoma." Akanigeukia. "Bibi, nilipaswa kukueleza vizuri zaidi."

"Ulieleza," nikamwambia. "Ni mimi niliyesikia nusu nikaondoka."

Tukakaa stendi kusubiri gari la kushuka ziwani. Mjukuu ameweka kompyuta mapajani, haijafunguliwa. Akaniambia, bila kunitazama, "Sauti yake nimeanza kuisahau, bibi. Nilikuwa sijali kwa sababu nilijua ipo. Alikuwa ananiitaje?"

Nilijua alivyokuwa anamwita. Alikuwa analivuta jina mwishoni, akilipandisha kidogo. Nimelisikia jina hilo miaka na miaka, toka jikoni, toka kisimani. Nikafungua kinywa nikaliita. Ikatoka sauti yangu. Nikakohoa, nikaliita tena, na mara hii nikajitahidi kulipandisha. Ikatoka sauti ya bibi kizee anayeita kuku.

Akanishika mkono. "Basi, bibi," akasema. "Acha."