Kidole Gumba cha Asa

Kopo la rangi nilimpa mimi, kwa hiyo siwezi kujitoa lawamani.

Littleton Ames, jirani yangu hapa pwani ya Virginia, alikuwa na ndege tisa wa mti, mifano ya sululu na vitwitwi, ndege wa ufukoni, waliochongwa na kaka yake Asa enzi zile sote tulipokuwa tunaishi kisiwani. Walisimamishwa topeni kwa vijiti ili ndege wa kweli wawaone, wadhani ni wenzao, washuke mbele ya bunduki. Serikali ilipokataza uwindaji huo, wakatiwa guniani wakasahauliwa. Asa alikufa maji akiwa na miaka ishirini na sita. Tulimzika kisiwani, halafu bahari ikala kisiwa, makaburi na yote. Jina lake halikubaki limeandikwa popote, na hilo lilimuuma Littleton kuliko baridi yabisi yake.

Ndipo akaja Bwana Prescott, mtu wa mjini anayekusanya vitu vya kale. Alimgeuzageuza sululu mmoja mkononi, akaonyesha madoa ya kifuani. Pale Asa hakutumia brashi, alichovya kidole gumba kwenye rangi. Prescott akasema atarudi Alhamisi na mtu wa makumbusho. Ndege watakaa kwenye kabati la kioo, na chini yao pataandikwa Asa Ames.

Littleton alikuja kwangu anacheka peke yake.

"Nettie, una rangi yoyote? Siwezi kuwatoa mbele za watu wamechakaa hivi."

Nikampa rangi ya kijivu iliyobaki nilipopaka boti, na nyeupe kidogo. Sikufikiri mara mbili. Kisiwani, kila Agosti kabla ya msimu, ndege walipakwa upya. Nani angetoka na ndege wachafu? Alipaka siku tatu, na madoa akayaweka kwa kidole chake mwenyewe.

Alhamisi aliwapanga mezani wanang'aa, naye kavaa shati la kanisani. Yule wa makumbusho alitazama, akavaa kofia yake akatoka. Prescott akabaki.

"Mzee wangu, rangi ya kaka yako iko wapi?"

"Ipo. Iko chini ya hii."

"Tulitaka madoa ya kidole chake. Hayapatikani tena."

"Nitayatoa mimi."

Prescott hakubisha. Aliomba radhi mara mbili, akaenda zake. Nilitamani sana kumchukia, nikashindwa.

Littleton akachukua kisu cha kufungulia chaza, akaanza kukwangua kifua cha sululu, polepole, kama anayemnyoa mgonjwa. Rangi yangu ikatoka. Ya Asa ikatoka nayo, mpaka mti ukabaki mtupu. Nilisimama pale na kikombe cha kahawa. Akaacha, akakitazama kidole chake.

"Nettie, gumba la Asa lilikuwa pana kuliko langu, au?"

Nikamwambia lilikuwa pana. Sikumbuki hata kidogo.