Waya ya Radi Juu ya Nyumba ya Mama

Mume wangu alikuwa kati ya watu wetu wa kwanza kufundisha umeme katika shule kubwa za hapa Bukavu. Wanafunzi walimuita Profesa. Lakini kwenye kilima nilikozaliwa, upande wa Kabare, wanamuita mulozi, mutu wa kutuma radi, mupaka leo na yeye amekwisha kufa. Jina hilo alilipata kwa sababu yangu. Nilisoma mupaka mwaka wa ine wa primere tu, lakini kalamu najua kuishika, na hii nataka kuiandika mwenyewe.

Aliponioa alikuwa asistanti, musaidizi wa maprofesa, mwembamba, na shati moja nyeupe niliyokuwa nafua kila jioni. Tulikaa Nguba, vyumba viwili. Watu walifikiri mutu wa umeme ni yule anayepanda nguzo kuunga waya. Jirani mumoja alimuita aje kutengeneza pasi. Akaenda, akaitengeneza, akarudi bila kukasirika. Nilikasirika mimi.

Yeye alichotaka ni radi. Kwetu radi haina mchezo: inaua ngombe, inaua watoto darasani, na kila ikiua, watu wanatafuta nani ameituma.

"Maman, hakuna mutu anaituma," aliniambia. "Inatafuta njia ya kuingia mu udongo. Ukiipa njia nzuri, inapita tu, haikuangalie hata."

Baba yangu alikufa mbele sijaolewa. Mama ndiye alimupa mukwe wake nafasi nyuma ya nyumba, juu kabisa, naye akasimamisha nguzo ya chuma na visanduku vya kupimia. Kila musimu wa mvua alipanda kule na daftari zake: radi imeanguka wapi, kwa nguvu gani. Alisema akifikisha misimu kumi, atakuwa na kitu ambacho hakuna mutu amekwisha kuandika juu ya milima yetu. Saba ilikuwa imepita.

Ndipo akataka kulinda nyumba ya mama. Alileta fimbo ya shaba ya kusimamisha juu ya manjanja, mabati ya paa, na waya nene ya kuishusha radi mupaka mu udongo. Akaegemeza ngazi kwenye ukuta. Nikasimama chini yake.

"Unaenda wapi?"

"Juu."

"Juu ya kichwa cha mama mukwe wako? Wewe ni mukwe wa namna gani?"

Kwetu mukwe hakalii hata kiti cha mama mukwe. Kupanda juu ya nyumba anamolala ni matusi. Yeye akacheka.

"Radi haijue nani ni mukwe."

"Mimi najua. Shuka."

Mama alikuwa ndani, alisikia yote. Angesema nini? Mume wangu akashuka, akamupa nyundo mudogo wangu mwanaume, aliyekaa pale na mama. Akachora na kijiti kwenye vumbi: fimbo hapa, waya hapa, na shimo la urefu wa mutu pale kwenye migomba, maana pale udongo haukauki.

"Shemeji, mwisho wa waya ndiyo kazi yote," alimuambia. Kesho yake alikuwa na somo. Tukarudi mujini.

Mvua ya kwanza iliyofuata, radi ikaanguka muchana. Mama alikuwa anachambua maharagwe ndani. Tulipofika, walikuwa wamemulaza kwenye mukeka na kilima kizima kiko pale. Shangazi yangu alisema mbele yetu, bila kushusha sauti:

"Amesoma njia ya radi miaka saba. Sasa ameituma."

Profesa akatuacha pale. Alizunguka nyumba, akarudi, akanivuta kando. Waya haikushuka chini. Ilikuwa imekunjwa kama kamba ya mbuzi na kufungwa chini ya manjanja, karibu na pahali mama alipokuwa anakaa. Shimo halikuchimbwa. Mimi nilielewa mara moja. Pale kwenye migomba ndipo tulimuzika baba. Hapana musalaba pale, migomba tu. Mume wangu hakujua, na mimi sikumuambia. Mudogo wangu hakutaka kuelekeza moto wa mbinguni kwenye kaburi la baba yake.

"Niwaite waone," mume wangu alisema.

Nikamushika mukono. "Ukiwaonyesha, mudogo wangu ndiye ameua mama yake. Hatatoka hapa muzima."

"Na mimi?"

"Wewe uko na muji wa kurudia."

"Na kazi yangu?"

"Kazi utapata ingine."

Aliniangalia sana. Kisha akakata ile waya, akaiingiza mu mufuko wake.

Watu walivunja nguzo na kutupa visanduku mu bonde. Hakurudi tena kule. Misimu saba haikutosha, alisema, na kilima kingine cha kuanza upya hakupata. Wenzake waliitwa Kinshasa, waliitwa Ulaya. Yeye alibaki na chaki, akichora kwenye ubao mashine ambazo shule haikuwa nazo. Wanafunzi wakipiga kelele, "Profesa, umeme imekatika!" alijibu, "Vizuri, sasa tutaisoma bila kuiogopa." Nyumbani hakunilaumu hata siku moja. Mvua ikinyesha, alikaa kwenye dirisha, midomo inacheza, akihesabu toka mwanga mupaka ngurumo. Mimi nilienda jikoni.

Mwaka huu amekufa. Kwenye matanga, mukubwa mumoja wa shule alisema marehemu aliacha utafiti kwa mapenzi yake mwenyewe, ili ajitoe kwa wanafunzi. Mudogo wangu naye alikuja; sasa ni muzee wa kanisa kule kilimani. Akala wali wangu. Kisha nikamusikia anawaambia wanaume, "Tuangalie mawingu, rafiki yake asije kumusindikiza." Wakacheka.

Nikasimama. "Waambie waya iliishia wapi."

"Yaya, dada yangu, hapa si pahali pake."

"Kumbe unajua ndiyo ilimuua mama?"

Akainamisha kichwa. "Alinifuata sokoni, mwaka ule ule. Aliniletea ile waya, akanieleza. Akasema nisikuambie kama najua, utateseka."

"Na ukaacha wamuite mulozi."

"Yaya, sikuweza kupeleka radi kwa baba."

"Ukaipeleka kwa mama."

Alininyooshea mukono kuomba radhi. Sikuupokea. Watoto wangu wanasema nilimuaibisha bure, ni muzee, moyo wake uko mugonjwa. Labda. Yeye alinyamaza ili ajiokoe. Mimi nilimunyamazisha mutu ambaye hakukosa kitu, na sijui nani kati yetu ndiye mubaya zaidi. Nimemupelekea neno: asimame siku ya Mungu kanisani mbele ya kilima chote, aseme shimo halikuchimbwa, na aseme pia ni mimi niliyeficha neno hilo. Siku za Mungu ine zimepita. Hajasimama.