Kutoka Mtoni, Wimbo Mara Tatu

Miaka ile ya tisini nilikuwa karani wa mifuko ya udongo. Nikisema hivyo watu hucheka, lakini ndivyo kazi yenyewe ilivyokuwa. Vijana walitoka asubuhi na majembe, wakachimba vishimo porini upande wa Bugarama, wakarudi na mifuko midogo ya udongo. Mimi niliandika juu ya kila mfuko namba yake, mahali ulikotoka na rangi ya udongo: mweusi, mwekundu, wa kijivu. Kisha mifuko ilipelekwa mbali kutafutiwa dhahabu. Dhahabu yenyewe hatukuwahi kuiona. Tulikaa kwenye mahema yetu, tukala wali na maharage, tukasubiri majibu yaliyokuwa ya watu wengine.

Mpima wetu alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mpole, mwenye uso wa mtu aliyetoka kuamka sasa hivi. Ndiye aliyetunza mashine ndogo ya kusoma satelaiti, iliyokuwa mpya kwetu sote kiasi kwamba mpishi aliogopa kupita mbele yake. Jumamosi mchana, kazi ikishaisha, mpima alikuwa na mchezo wake. Alikwenda kuficha kopo la biskuti porini, akarudi, akaandika fumbo kwa chaki kwenye ubao wa jikoni. Hesabu nguzo za tanki la maji, zidisha kwa idadi ya mahema, toa mbwa wa mlinzi. Jibu lilikuwa tarakimu, na tarakimu zilikuwa mahali. Aliyelipata kopo alikula biskuti na kuwacheka wenzake wiki nzima, na nadhani hicho kicheko ndicho walichokigombania.

Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu pale kambini ukimwondoa mfuaji, na nilikuwa mbishi. Nikasema na mimi nitacheza. Mara ya kwanza niliweka namba ya kaskazini mahali pa namba ya mashariki. Mpima akaitazama karatasi yangu, akasema, "Dada, huku unakotupeleka hata gari halifiki." Wenzangu walicheka mpaka mbwa wakabweka. Lakini jioni aliniita mezani kwake, akanitandazia ramani, akanionyesha kwamba kila mraba ni kilomita moja, na kwamba kwanza unakwenda pembeni, ndipo unapanda juu. Nililirudia hilo kichwani nikiwa nafua, nikiwa nakula, nikiwa nasinzia: pembeni kwanza, ndipo juu.

Baada ya Jumamosi kadhaa nikalipata kopo. Lilikuwa limefichwa chini ya mninga, limefunikwa majani. Tarakimu za mashine enzi hizo hazikutulia, hata ukisimama wima kama nguzo zilikuwa zinacheza huku na huku, kwa hiyo nilizunguka ule mti muda mrefu, jua likiwa jeupe na pori likiwa kimya, mpaka nikasahau nilichokuwa natafuta. Ndipo nikauona mfuniko. Nilifurahi kupita kiasi, ukizingatia biskuti zenyewe zilikuwa zimelowa.

Nilipopata ruhusa nikaenda nyumbani Nyahanga, nikamsimulia mama. Alikuwa amekaa barazani anabangua karanga kwa kupapasa. Macho yake yalikuwa na presha. Daktari alimwambia kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaondoka polepole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akabangua karanga nyingine tatu, akauliza:

"Hiyo mashine inatafuta makopo tu?"

Nilijua mara moja anawaza nini. Kabla yangu mama alikuwa na mtoto mwingine, aliyefariki kabla hajaanza kutembea, akazikwa nyuma ya nyumba, kando ya minyaa iliyozunguka boma. Mimi nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni watu walipohamishiwa vijijini. Boriti za nyumba zilibebwa, kuku wakabebwa, mimi nikabebwa, na yule wa kwanza akabaki. Pale kwetu pakawa matongo, ndivyo tunavyoita mahali ambapo watu waliishi wakaondoka. Baba alifariki, na baba wadogo waliopajua walitawanyika Geita na Buseresere, wengine wakafariki nao. Pori likafunika. Nyumbani hatukumwita kwa jina. Tulisema "yule wa kwanza", na mimi nilikua nikidhani hakuwahi kupewa jina.

"Nataka nikakae naye kidogo," mama akasema, "wakati bado naona mchana na usiku. Siku moja tu, ng'wanawane, mwanangu. Sitakusumbua tena."

Nikamwambia tutapatafuta. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyeona kopo moja la biskuti na sasa anadhani ameumiliki ulimwengu.

Mafumbo ya mama hayakuwa ya chaki. Nilimuuliza mlango wao ulitazama wapi. Akasema ulitazama mlima. Upi? Ule mrefu. Kulikuwa na mlima mwingine mdogo mbele yake, na ukisimama mlangoni, mdogo ulikuwa umekaa katikati kabisa ya ule mkubwa, kama mtoto amepakatwa. "Ukisogea kidogo tu kando," akasema, "mtoto anateremka." Niliporudi kambini nikamweleza mpima. Aliacha chai yake, akachukua rula, akaunganisha vilele viwili kwenye ramani, kisha akaendeleza mstari mpaka mabondeni. "Mama yako amekupa mstari," akasema. "Nyumba iko juu ya mstari huu. Sasa akupe umbali."

Umbali ulikuwa wimbo. Walichota maji pale vijito viwili vinapokutana, na vijito hivyo vilikuwepo kwenye ramani, vyembamba kama uzi. Mama alisema kutoka pale mpaka mlangoni, mtungi ukiwa kichwani, wimbo wa kuchotea maji ulikwisha mara tatu. Mara ya tatu ilimalizikia kizingitini, ndipo alipotua mtungi. Sikujua kama nicheke au nilie. Hakuna aliyenifundisha kugeuza wimbo kuwa mita.

Kwa hiyo Jumapili moja asubuhi watu wa Nyahanga walimwona mama mzima akitoka bombani na ndoo ya maji kichwani, anatembea katikati ya barabara, anaimba wimbo wa Kisukuma wa wasichana, na mimi nyuma yake nimebeba mkanda wa kupimia. Mwenye duka la vitambaa, mzee wa Kihindi aliyemfahamu mama tangu zamani, alisimama mlangoni na funguo mkononi.

"Mama, unahama?" akauliza.

"Narudi," mama akajibu, akaanza ubeti upya.

Mimi nilikuwa na shaka zangu. Nilimwambia zamani alikuwa msichana na alitembea haraka kuliko sasa. Akasema na wimbo nao ulikwenda haraka. "Wimbo unafuata miguu," akasema. Wimbo ulipoisha nikachomeka kijiti, nikapima, nikazidisha kwa tatu. Jua lilikuwa bado chini, vumbi limesimama hewani, na maji yalimwagika kidogo kidogo yakiacha alama nyuma yake. Nikimkumbuka mama, huwa namkumbuka asubuhi ile.

Kambini niliazima bikari. Niliweka ncha pale vijito vinapokutana, nikachora duara, na duara likaukata ule mstari wa milima upande wetu wa mto. Nukta moja. Nikasoma pembeni kwanza, ndipo juu. Nikasoma tena, nikaziingiza tarakimu kwenye mashine. Mpima alikuwa safarini lakini alishaniruhusu kuiazima kwa Jumapili.

Tulikwenda mwishoni mwa kiangazi, moshi wa mashamba umetanda na milima inaelea kana kwamba haina miguu. Mama alikaa kwenye keria ya baiskeli, mimi nikaisukuma. Niliitazama mashine zaidi ya nilivyoitazama njia, nikifuata mshale wake kwenye nyasi, kwenye vichuguu, kwenye uwanda mpana wenye udongo mweusi uliopasuka kwa kiu. Hapo mshale ukageuka, ukageuka tena, na umbali ukawa si kitu.

"Hapa," nikasema.

"Hapa?" mama akauliza.

"Hapa kabisa!"

Sikuona minyaa ya boma wala dalili ya nyumba. Nilijiambia minyaa imekufa na kuta zimeyeyuka kwa mvua. Mama aliinama, akachukua bonge la udongo, akalisugua kwa vidole, akalivunja. Akakaa chini, akanyoosha miguu, akaanza kuongea kwa Kisukuma, polepole, kama anayemsimulia jirani habari za mjini. Nilisogea pembeni nisisikie. Nililia kwa furaha na kwa kujivunia, nisiwe mwongo, vyote pamoja. Tuliporudi mama alinishika mkono njia nzima, akasema, "Asante, mwanangu."

Jumatatu mpima alirudi, nikamhadithia kila kitu. Alikuwa anatabasamu mpaka mwisho, ndipo tabasamu likamtoka.

"Uliipanga mashine isome kwa ramani yetu?"

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu. Ramani ilichorwa zamani, na waliochora walikuwa na kipimo chao cha umbo la dunia. Satelaiti zina kipimo kingine. Tarakimu zilezile, ukizisoma kwa ramani ziko hapa, ukizisoma kwa satelaiti ziko kule. Kwenye mchezo wa makopo haikuwa na neno, kwa sababu yeye alificha kwa mashine na sisi tulitafuta kwa mashine. Lakini mimi nilitoa nukta kwenye ramani.

"Mlizidi kwenda kaskazini," akasema. "Kama mita mia tatu hivi. Pole sana, dada. Ningekuwepo ningekuambia."

Siku hiyo niliandika mifuko yangu bila kuona ninachoandika. Ningeweza kunyamaza. Mama alikuwa ametulia, alikuwa ameshaongea na mtoto wake, na mita mia tatu ni kitu gani? Lakini sikumpeleka kule ili akaongee na bonde tupu, na kila nilipofumba macho nilimwona amenyoosha miguu kwenye ule udongo. Nilipopata ruhusa nyingine nikaenda moja kwa moja barazani kwake, sikuvua hata viatu, nikamwambia yote, ramani na satelaiti na umbo la dunia.

Mama akaendelea kubangua karanga.

"Najua," akasema. "Nani anajenga mbugani? Mvua moja tu, nyumba inaondoka na watu wake. Sisi tulikaa juu, kwenye luseni."

Luseni ni ule mchanga mweupe wa juu ya bonde. Msukuma yeyote anajua nyumba hujengwa mchangani, na udongo mweusi wa mbuga ni wa mpunga na ng'ombe. Mimi, niliyeandika rangi za udongo kutwa nzima, nilisimama juu yake nikitazama kioo kidogo cha mashine.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi. Nilikusikia sauti. Tangu baba yako afariki sijaisikia sauti hiyo." Akapuliza maganda. "Nikasema nitamsalimia kutoka hapo. Si mbali. Atasikia."

Nilikasirika. Niliikasirikia mashine, nikamkasirikia mpima, nikamkasirikia mama kwa kunihurumia wakati mimi ndiye niliyekuja kumhurumia. Nilimwambia twende tena kabla mvua hazijaanza kuijaza mbuga. Akauliza kama nina hakika sitachoka kusukuma baiskeli. Wakati huo alikuwa haoni tena sura yangu. Aliweza tu kutofautisha mlango na ukuta.

Mpima aliipanga mashine mwenyewe, akaikagua, akanipa kwa mikono miwili kama anayempa mtu mtoto mchanga. Tulikwenda mawingu yakiwa yameshaanza kurundikana upande wa ziwa. Safari hii niliitazama ardhi. Tuliivuka mbuga, tukapanda taratibu, udongo ukabadilika chini ya tairi, ukawa mwepesi, baiskeli ikaanza kuzama mchangani. Kabla mashine haijaniambia kitu niliiona minyaa, mirefu kuliko nyumba, imepinda imekuwa miti, bado imesimama kwenye duara la boma. Nikageuka nyuma. Mlima mdogo ulikuwa umekaa katikati kabisa ya mkubwa.

"Mama, tumefika."

Hakuuliza kama ni hapa. Alishuka kwenye keria, akavua kandambili, akasimama mchangani muda mrefu. Kisha akatembea peke yake, bila kunishika, mikono mbele, akapita mahali palipokuwa na mlango, akazunguka nyuma upande wa minyaa, akapapasa shina moja, akaacha, akapapasa jingine. Akapiga magoti. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza, majivu ya nyasi zilizoungua yalikuwa yanapita chini chini.

Akaita jina. Lilikuwa jina langu.

"Abee, mama," nikaitika, nikaanza kumwendea.

"Si wewe," akasema bila kugeuka.

Nikasimama pale nilipokuwa. Mama akainamisha uso karibu na mchanga, akaita tena, na mara hii sikuitika.