Mistari Miwili ya Chai ya Ongeri

Mzee Ongeri wa huku Nyamira ni mtu mwema, jamani, tusimwonee. Ukikosa jembe atakuazima, ukiugua atakuja kukuombea, na matangani hakuna anayemshinda kwa sauti nzito. Lakini ukitaja mistari miwili ya chai iliyo mpakani mwake na kaka yake Ochoki, wema huo huuoni tena. Ochoki anasema mistari ni yake, na kwamba ua wa mabingobingo ulihama alipokuwa kibaruani Mombasa. Ongeri anasema nyasi hazina miguu. Naibu wa chifu aliwasikiliza mara tatu, akaumwa na kichwa, akawaambia waende wakaombe.

Ijumaa moja Ongeri alirudi kutoka kupeleka majani chai, akakuta mambo. Tryphosa, mjukuu wa Ochoki, alikuwa katikati ya ile mistari miwili, futi ya kupimia shingoni. Alikuwa amepigilia vigingi vinne kwenye pembe, akavizungushia uzi mwekundu, na sasa ameinama anaandika kwenye daftari. Ongeri alisimama akatazama. Ala! Kumbe Ochoki amepata mpima ardhi wa bure, tena wa damu yake mwenyewe. Akapita kimya kama hajaona kitu.

Angeuliza angeambiwa. Binti alikuwa Gredi ya Kumi, ameingia sekondari ya juu upande wa sayansi, na mwalimu wa biolojia amewatuma kuhesabu magugu chini ya chai, kisha wayahesabu tena baada ya siku mbili, mahali palepale. Ruhusa aliomba, tena kwa adabu, kwa mke wa Ongeri. Lakini mke na mume walikuwa wamenuniana tangu Jumanne kwa sababu ya kuku, kwa hiyo habari haikufika.

Jumamosi, Sabato yenyewe, Ongeri akashikwa na tumbo. Mkewe alimtazama, akachukua Biblia yake, akaenda zake kanisani. Kijiji kiliponyamaza, mgonjwa akainuka. Aling'oa vile vigingi kimoja kimoja, akaruka ua, akavipigilia upande wa Ochoki, akizingira mistari miwili mingine, na uzi akaufunga vizuri kuliko ulivyokuwa. Wakitaka miwili yake, basi naye anataka miwili yao. Kisha akarudi kitandani akalala fofofo.

Jumapili asubuhi alisikia kilio. Tryphosa alikuwa ameketi chini kwenye chai ya babu yake, daftari mapajani. Ijumaa alihesabu magugu ya kishona nguo sitini na moja. Leo ni tisa. Kazi inatakiwa kesho, ina alama zake, na mtu asiye na haya amehamisha vigingi, wala yeye hakumbuki vilikuwa kwenye vichaka vipi.

"Magugu?" Ongeri akauliza kutoka nyuma ya ua. "Wewe unahesabu magugu?"

"Ndiyo, babu. Ya biolojia."

Waovu hukimbia wasipofuatiwa na mtu: mstari huo Ongeri amewasomea wenzake kanisani miaka thelathini, na siku hiyo ndipo ulipomwingia. Aliona aibu mpaka masikio yakamchemka. Angeweza kujiendea zake kukamua ng'ombe. Lakini mtoto alikuwa analia kweli, si kilio cha kudeka. Akaingia, akang'oa vigingi, akavirudisha vyote vinne kila kimoja kwenye tundu lake, bila kupima wala kubahatisha.

Alipoinua kichwa, Ochoki alikuwa amesimama pale, kikombe mkononi, ametazama yote. Alikunywa chai yake tu, taratibu, na hilo lilimuuma Ongeri kuliko kusemwa.

Tryphosa akahesabu upya. Hamsini na nane. Akafuta machozi, akafungua ukurasa mwingine, akasema limebaki swali moja tu, kwa sababu magugu hutegemea umri wa chai.

"Babu Ongeri, hii mistari miwili ilipandwa lini, na ilipandwa na nani?"

Ongeri alimtazama kaka yake. Ochoki alitazama ndani ya kikombe. Mtoto alikuwa amenyanyua kalamu, anangoja, macho bado mekundu.

"Andika mwaka wa themanini na tisa," Ongeri akasema. "Alipanda babu yako Ochoki." Akafikiri kidogo. "Lakini tumia penseli."